Hitilafu ya Nelius

Mwaka ule wa 1956, katika kijiji cha Karurumo, mtu mwenye akili zake hakuonekana na komeo la mlango mkononi. Watu wa msituni, waliopigana na serikali ya Mzungu, walikuwa wakitengeneza bunduki kwa makomeo: kipande cha bomba, mpira wa gurudumu, komeo la kugongea risasi, basi. Mzungu akiona komeo mahali pasipo na mlango, mkono wake ulikwenda kwenye bastola. Hata watoto walijua hivyo. Ndambiri naye alijua, lakini Ndambiri alikuwa mtu wa kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wakati huo alichokiona ni swichi.

“Linateleza vizuri,” alimwambia mkewe, Nelius. “Ukilisukuma linagusa msumari, moto unapita. Ukilivuta, moto unakatika. Swichi ya dukani haifanyi zaidi ya hapo.”

Walikuwa wameketi mlangoni pa nyumba yao, moja kati ya mamia yaliyopangwa mistari kama mahindi ndani ya mtaro wa miti iliyochongoka. Mbele yao ulilala ubao wa sanduku la sabuni. Mama yake Ndambiri, Rwamba, alikuwa akimlisha mjukuu wake Runji uji, na jicho lake halikuondoka kwenye komeo.

“Nililing'oa siku walipotuhamishia hapa, nyumba yetu ya zamani ikiwa imeshaanza kushika moto,” alisema Rwamba. “Wengine walitoa vyungu. Mimi nikatoa komeo la baba yako.”

“Sitaliharibu, mama.”

“Sisemi utaliharibu. Nasema litakuharibu wewe.”

Ndambiri alicheka, akapiga msumari mwingine.

Kabla ya Hali ya Hatari alikuwa taniboi wa malori ya Hirsi, mfanyabiashara Msomali wa Meru mjini. Alipakia maharagwe na kubadilisha magurudumu, na polepole macho yake yakaanza kufuata nyaya za taa. Kisha Waembu wakarudishwa kwao kila mtu na kipande chake cha kusafiria, na kipande cha Ndambiri hakikumruhusu kuvuka kwenda Meru hata kumzika mtu. Sasa aliishi kwa filimbi. Filimbi ya asubuhi, mnakwenda kuchimba mtaro kando ya msitu. Filimbi ya jioni, mnarudi na hamlipwi kitu.

Hirsi alikuwa na kibali cha kupita. Siku moja lori lake lilisimama Karurumo, akamwita Ndambiri pembeni mwa duka.

“Sikiliza, kijana wangu. Kibarua siwezi kumwombea pasi, vibarua wamejaa Meru. Fundi wa umeme wa magari, huyo naweza. Wallahi, wiki hiyo hiyo unakuja na familia yako. Lakini wanataka cheti cha serikali. Kuna mtihani Embu mwezi ujao.”

“Huko wanauliza nini, mzee?”

“Hawaulizi. Mtahini anaharibu kitu kwenye nyaya, anaficha, halafu anakuambia tafuta. Fundi ni yule anayetafuta akapata.”

Kabla ya kuondoka alimshushia betri ya lori iliyochoka, nyaya za gari lililopinduka, taa mbili za nyuma na kitaa kidogo cha kupimia. Ndambiri alivibeba nyumbani ndani ya gunia, na tabasamu lake lilionekana tangu mbali.

Hivyo ndivyo ubao ulivyozaliwa. Moto ulitoka kwenye betri, ukapita waya hadi kwenye komeo, ukatoka hapo kwa waya nyingine hadi msumari, kutoka msumari hadi msumari, ukafika kwenye taa nyekundu na kurudi betrini. Ulikuwa ubao mzuri. Mimi nimeona vifaa vya shule za ufundi vyenye rangi na vibandiko, na sijaona kilichotengenezwa kwa makini kama ule. Kilichobaki ni mtu wa kuuharibu.

“Wewe,” Ndambiri alimwambia Nelius.

“Mimi najua nini mambo ya umeme?”

“Ndiyo maana nakutaka. Nikiharibu mwenyewe nitajua nilipoharibu. Mimi nageuka, wewe unaharibu, kisha nakuja natafuta.”

Nelius alikuwa msusi wa viondo, vikapu vya katani, na mikono yake haikuzoea kukaa bure. Mara ya kwanza alichomoa waya kwenye msumari akaiacha ikining'inia. Ndambiri aligeuka, akatazama, akairudisha.

“Hiyo hata Runji angeona,” alisema.

Maneno hayo yalimchoma Nelius, ingawa alicheka. Mara ya pili alilegeza taa. Baada ya hapo aliupaka msumari mafuta ya nyama chini ya waya, na hilo lilimchukua Ndambiri muda mzuri. Alichomeka waya moja ya kitaa cha kupimia kwenye betri, na ile nyingine akaitembeza msumari hadi msumari. Kitaa kikiwaka, moto umefika hapo. Kisipowaka, umekatikia nyuma kidogo. Uso wake uling'aa kila alipopata. Lakini bado alikuwa na tabia moja mbaya: alitazama kwanza, akapima baadaye, na mara nyingi macho yake yalimwambia jibu kabla ya kitaa.

“Unanirahisishia,” alilalamika. “Mtahini hatakuwa mke wangu.”

“Utajuta kusema hivyo, Baba Runji,” Nelius alijibu.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akisuka huku akiwaza. Jumapili, Ndambiri alipokwenda mtoni kuoga, alichukua waya fupi iliyounganisha misumari miwili ya katikati. Ilikuwa waya ya zamani, yenye gamba la kitambaa, na mpira wake wa ndani ulikuwa umechakaa. Aliushika uzi wa shaba, akauvuta taratibu hadi ukatoka wote, gamba likabaki tupu kama ngozi ya nyoka. Kisha akachukua sindano yake ya kusukia, akapitisha ndani uzi wa katani aliousokota mwenyewe, mnene uleule. Kila mwisho alichomeka kipande kidogo cha shaba, akakisugua kikang'aa. Alipoifunga waya mahali pake, ilikuwa nzima kuliko zote.

Rwamba alikuwa ameona kila kitu. “Huyo mtoto wangu utamtia wazimu,” alisema, na akaficha kicheko ndani ya leso.

Ndambiri alirudi, akaketi mbele ya ubao, akasugua mikono. Hapo ndipo filimbi ilipolia, na haikuwa saa yake.

*

Nyaya za simu zilikuwa zimekatwa barabara ya Runyenjes, na homegadi, askari wa serikali wa kijijini, walitumwa kusaka waya nyumba kwa nyumba. Waliingia kwa Ndambiri wakiongozwa na Gichovi, mkubwa wa posti, kituo chao, mtu mzito mwenye koti la jeshi lililombana mabega. Gichovi na marehemu mzee Runji, baba yake Ndambiri aliyemwachia mjukuu jina, walikuwa rika moja, walitahiriwa msimu mmoja. Zamani aliingia nyumbani kwao akaketi bila kuambiwa. Siku hiyo aliingia na kusimama.

Alitazama waya. Alitazama betri. Kisha akaliona komeo, na uso wake ukabadilika.

“Nini hii?”

“Ubao wa kujifunzia, mzee,” alisema Ndambiri. “Nasomea mtihani wa ufundi. Ukisukuma hapo, taa inawaka.”

Gichovi alilisukuma komeo kwa ncha ya fimbo. Taa haikuwaka. Alilivuta, akalisukuma tena. Nyuma yake homegadi mmoja aliguna.

“Sioni taa,” alisema Gichovi. “Naona komeo na waya, na mtu mwongo.”

Nelius alisimama. “Haiwaki kwa sababu nimeiharibu mimi, mzee. Leo mchana. Nimeiharibu makusudi ili aitafute.”

Homegadi walicheka wote kwa pamoja, hata mmoja akajishika kiuno.

“Mmemsikia?” alisema mmoja wao. “Mwanamke anaharibu chombo cha bwana wake makusudi, na bwana anafurahi.”

“Niache nikuonyeshe ilipo…” Nelius alianza.

“Usiguse,” Gichovi alisema. “Bwana Shauri anakuja kesho asubuhi. Ataona vilevile nilivyoona mimi.”

Walimchukua Ndambiri na ubao, pamoja na betri na kitaa chake. Hawakumruhusu hata kuvaa shati.

*

Asubuhi Nelius alitia uji kwenye kibuyu. Rwamba alikuwa amekaa mlangoni, na mbuzi wao mmoja alikuwa amefungwa kando yake. Majirani wawili walikuwa wameshapita kumshauri ampeleke mbuzi posti kumtoa mwanawe, kama watu wote walivyofanya.

“Tumpeleke, mama?” Nelius aliuliza.

“Mbuzi yupo na kamba ipo,” alisema Rwamba. “Lakini nikimpeleka nitakuwa nimesema mwanangu ana kosa. Hana kosa. Nenda na uji.”

Posti ilikuwa juu ya kilima, ina mnara wa miti na daraja la kuinuliwa. Langoni Nelius aliamriwa avue kitambaa cha kichwa, wakakikung'uta mbele ya watu. Homegadi alichukua kibuyu, akanusa, akanywa, akampitishia mwenzake. Kiliporudi kilikuwa chepesi. Kisha aliambiwa aketi chini, siyo kwenye gogo walilokalia wengine, chini, juani, na aliketi. Alijizuia asilie kwa sababu alijua Ndambiri angeletwa hapo na kumwona.

Alikuwa na mzigo mzito kuliko fedheha hiyo. Usiku kucha alikuwa akiipitia ile waya kichwani. Kama angeharibu kitu chepesi, taa isingewaka vilevile, lakini mumewe angekipata kwa kupapasa tu. Yeye alitaka kuonyesha kwamba anajua. Sasa alimwogopa mwanamke aliyeisuka waya ile.

Ndambiri alitolewa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba kabisa, na alitembea akijishika ubavu. Alipomwona mkewe chini, alisimama wima.

Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alikuja kwa Landrova, kijana wa Kizungu mwenye magoti mekundu na haraka nyingi. Aliwekewa kiti na meza, na ubao ukawekwa juu ya meza. Alipoliona komeo hakuuliza la ubao kwanza.

“Hii komeo natoka wapi?”

“Mlango ya nyumba yetu, Bwana. Ile ya zamani,” alisema Ndambiri.

“Gichovi nasema hii ni vitu ya bunduki.”

“Ni ya kujifunza taa ya gari, Bwana.”

Mzungu alilisukuma komeo. Taa haikuwaka. “Hapana waka.”

Gichovi, kusema haki, hakuongeza chumvi. Alieleza kwamba mwanamke amedai aliharibu yeye ili mume atafute, na kwamba ndivyo watu hao wanavyosema wanajifunza. Homegadi walianza tena kucheka. Mzungu hakucheka. Alimgeukia Nelius, akamtazama mwanamke yule aliyekaa mavumbini, kichwa wazi.

“Yeye najua wapi nimeharibika?”

“Anasema anajua, Bwana.”

“Na huyu bwana yake hapana jua?”

“Anasema hajui.”

Mzungu alitoa sigara, akaiwasha. Kisha akasema kitu ambacho sijaamua mpaka leo kama kilikuwa haki au ukatili tu wa mtu aliyechoka.

“Vizuri. Kama hii ni maneno ya kweli, bwana yake natafuta, napata. Mwanamke nafunga mdomo. Kama yeye nasema neno moja, ni uwongo, mimi napeleka bwana yake Mwea. Kama sigara nakwisha na taa hapana waka, napeleka bwana yake Mwea.”

Gichovi alimtafsiria Nelius kwa Kiembu, polepole, na sauti yake haikuwa na furaha. Mwea ilikuwa kambi. Watu wa Karurumo waliwajua waliokwenda huko, na waliwajua wachache waliorudi. Mtihani usingemsubiri Ndambiri, wala lori la Hirsi, wala pasi ya Meru.

Nelius alifunga mdomo. Aliuma ncha ya ulimi ili uwe na kazi ya kufanya.

Ndambiri alikaribia meza. Alifanya kama kawaida yake: aliinama atazame. Lakini jicho moja lilikuwa limefumba na lingine likimwaga machozi kwa jua, naye akarudi nyuma nusu hatua, akasita. Aligusa taa, ilikuwa imekaza. Alichungulia misumari, ikawa misafi. Alivutavuta waya moja moja, na alipofika ile ya katikati aliivuta kama zote, ikashika, akaipita. Nelius aliona kidole chake kikiipita.

“Hapana mchezo,” alisema Mzungu na kupuliza moshi.

Ndambiri alinyoosha mkono. “Naomba ile taa dogo, Bwana.”

Alipewa kitaa cha kupimia. Alichomeka waya moja betrini na nyingine akaigusisha nguzo ya pili ya betri. Kitaa kiliwaka. Betri haikuwa na neno. Akagusa komeo upande huu, kikawaka. Upande wa pili, kikawaka. Akagusa msumari wa kwanza, kikawaka. Msumari wa pili, kikawaka. Alipogusa wa tatu, hakikuwaka.

Alirudi wa pili. Kikawaka. Akaenda wa tatu. Kimya.

Basi kati ya wa pili na wa tatu palikuwa na waya moja tu, waya nzima, nzuri, yenye ncha zinazong'aa, iliyopinda na kunyooka kama waya yoyote. Ndambiri aliishika kwa vidole. Akaigeuza. Akaona aibu, ilionekana wazi usoni, kama mtu aliyehesabu watoto wake akapata idadi isiyo sawa. Akapima mara nyingine. Jibu likawa lilelile.

Sigara ilikuwa imefika karibu na vidole. Homegadi aliyekunywa uji alisema kwa Kiembu, “Waya ni nzima, hata mimi naiona.”

“Hata mimi naiona,” alisema Ndambiri kwa sauti ya chini. “Lakini kitaa hakioni.”

Alisimama hapo kitambo kidogo kati ya jicho lake na kitaa chake. Kisha akaifungua waya kwenye misumari, akaitia mdomoni, akalichana gamba kwa meno kutoka mwanzo hadi mwisho.

Uzi wa katani ulijikunjua juu ya meza ya serikali.

Ndambiri aliushika kati ya vidole viwili, akauinua juani. Aliutambua. Alikuwa amelala miaka minne kando ya mikono iliyousokota. Na pale posti, mahali ambapo watu waliingia wakitembea na kutoka wakibebwa, Ndambiri alianza kucheka. Alicheka mpaka ubavu ukamuuma, akajishika, akaendelea.

Mzungu alisahau sigara, ikamuunguza, akaitupa. “Nini hii?”

“Kamba ya kiondo, Bwana,” alisema Gichovi. Alisita, akaongeza kwa sauti nyingine kabisa: “Mwanamke ametoa chuma ndani, akaweka kamba.”

Ndambiri alikata kipande cha waya ya kitaa, akakifunga kati ya msumari wa pili na wa tatu, akalisukuma komeo. Taa nyekundu ya nyuma ya lori iliwaka mchana kweupe, na kila aliyekuwa hapo aliiona.

Nelius aliuachia ulimi wake. Ulikuwa na damu.

*

“Haya, kwenda,” alisema Mzungu, akainuka. Alikuwa na vijiji vingine vya kutembelea. Komeo alilifungua mwenyewe kwa kisu, akalitia mfukoni, kwa sababu sheria ni sheria. Ubao akausukumia kwa Gichovi. “Hii weka kuni.”

Ndambiri alikuwa tayari ameelekea langoni. Mtu aliyeachiliwa posti hakutazama nyuma, hiyo ilikuwa kanuni ya kijiji kizima. Lakini hakusikia nyayo za mkewe nyuma yake.

Nelius alikuwa ameinuka kutoka mavumbini. Hakujikung'uta. Alikwenda hadi kwa homegadi, akachukua kitambaa chake, akakifunga kichwani bila haraka, akalikaza fundo. Kisha akasimama mbele ya meza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia viondo, na hakuwahi kumwambia Mzungu neno hata moja maishani.

“Bwana. Hiyo mbao ni yetu. Sisi nataka.”

“Bwana yako nimeshinda. Nataka tena ya nini?”

Kiswahili kilimwishia. Akamgeukia Gichovi, akasema kwa Kiembu, wazi, ili kila mtu asikie: “Mwambie mtihani bado wiki mbili. Mwambie mume wangu bado anaamini macho kabla ya kitaa, umeona mwenyewe alivyoipita ile waya. Hajaiva. Nina njia nyingine za kumharibia.”

Gichovi alimtazama. Alikuwa mtu aliyetafsiri mambo mengi pale mezani, mashtaka na maombi na vilio. Akajikohoza, akamgeukia Mzungu, akasema yote neno kwa neno, bila kupunguza. Hata “hajaiva” alilitia.

Safari hii homegadi walipocheka, walimcheka Ndambiri, na Ndambiri alicheka nao.

Mzungu alitikisa kichwa, akaingia kwenye Landrova. Gichovi aliuinua ubao mwenyewe kwa mikono miwili. “Chukua, mama,” alimwambia Nelius, naye hakuwa amemwita mtu yeyote jina hilo siku nyingi. Nelius alijitwika ubao kichwani, misumari juu, nyaya zikining'inia, akapita lango mbele ya mumewe.

Mtihani Ndambiri alipita, kama wewe ulikuwa na wasiwasi. Alirudi jioni kutoka Embu akiwa na cheti ndani ya shati na vumbi mpaka kwenye nyusi. Majirani walikusanyika mlangoni. Rwamba alikishika cheti juu chini, akakitazama kwa heshima, akakirudisha. Nelius hakukitazama. Alikuwa na kiondo magotini na swali moja.

“Mtahini aliharibu wapi?”

“Aliikata waya nyuma ya taa, akaifunika kwa matope,” alisema Ndambiri. “Nilipima, nikapata, nikamngojea amalize chai yake.”

“Ndiyo hiyo tu?”

“Ndiyo hiyo tu.”

Nelius alivuta uzi, akaukaza. “Serikali nzima,” alisema, “na wamekosa mtu wa kuharibu.”